Shahidi wa Manesi Wakali

Redio ilitangaza asubuhi kwamba wakaguzi wametua Ifakara kuipima shahada ya uuguzi ya chuo kimoja: ikifaulu, wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahitimu, ikifeli, wanarudi darasani. Kijiwe cha kahawa cha Mama Edna, pale Mlabani, kikaanza ukaguzi wake papo hapo, bila posho.

"Shahada ya kuchoma sindano!" Bryson wa bodaboda, maarufu kama Chapchapu, akajipiga paja. "Miaka minne mtu anasomea tako? Tako lina kona ngapi?"

"Wewe pikipiki ulijifunza kwa mchana mmoja," Mama Edna akamjibu huku akimimina kahawa, "ndiyo maana hao manesi wanakujua kwa jina."

Mzee Polikarpo, aitwaye Jaji kwa kuwa hajawahi kumaliza ugomvi wowote, akakohoa kwa uzito unaostahili. "Nesi ni moyo. Aliyemzalisha mke wangu kule Namawala hakuwa na shahada."

"Na mtoto tuliyempata si ndiye Telesphory wako, anayeusumbua mtaa mzima?" Chapchapu akadakia. "Jaji, pale shahada ilihitajika!"

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Raimundi. Huyu walimbatiza Kijana, kwa sababu amevuka hamsini na bado anaongea kama wapiga debe wa stendi. Binti yake, Digna, alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada hiyohiyo, na moyo wa baba mtu ulikuwa ukidunda kama mashine ya kukoboa mpunga.

Mara mama mmoja mwenye miwani akasimama mbele yao. "Habari za hapa? Mimi ni mkaguzi. Natafuta mtu aliyewahi kuhudumiwa na wanafunzi wa uuguzi."

Raimundi akaruka kama aliyekalia siafu. "Mimi hapa!" Akawakonyeza wenzake wafunge midomo, maana akijulikana ni baba wa mwanafunzi, nani atamwamini?

"Wakoje?"

"Wakali, mama! Wakali kinoma!"

Mkaguzi akavua miwani. "Wote?"

"Wote. Ila kuna mmoja anaitwa Digna, huyo ndiye kiboko. Akiingia wodini, mgonjwa mwenyewe unanyoosha mikono!"

"Na wewe alikuhudumia?"

"Alinifunga kidonda. Yule ni hatari, sijapata kuona!"

"Pole sana, baba yangu." Mkaguzi akamshika bega. "Hatahitimu mtu kabla hajafundishwa huruma." Akaondoka akitikisa kichwa.

"Pole ya nini?" Raimundi akashangaa.

"Umemwambia mtu mzima kwamba manesi ni wakali," Jaji akasema. "Ulidhani kazaliwa stendi?"

"Mkimbilie!" Mama Edna akafoka. "Mwambie ulikuwa unamsifu mwanao!"

"Si ataona nampigia debe?"

Siku majibu yalipotoka, simu ya Raimundi ikaita palepale kijiweni, akaiweka sauti ya juu wote wasikie.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Vipi?"

"Shahada imepita. Ila tumeongezewa miezi mitatu ya somo la huruma, wote, na mimi nimetolewa mfano kwa jina! Kuna mzee wa hapo kijiweni kaniponza. Nakuja sasa hivi unionyeshe."

Kijiwe kikatazama chini kwa pamoja.

"Huyo mzee," Raimundi akajibu kwa upole, "nasikia kasafiri."

Akakata simu, akapanda nyuma ya pikipiki ya Chapchapu.

"Wapi, Kijana?"

"Mngeta. Hujasikia mzee kasafiri?"