Kamera Nyepesi Kama Kipande cha Sabuni

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimepewa kazi ya kiume. Mama Watoto ameniita chumbani anakoshonea, akasimamisha cherehani. Nikajua ni jambo zito. Cherehani ile haisimami hata mgeni akija.

Amesema Mama Mkwe anaondoka Jumapili. Shemeji anakuja kumchukua akakae kwake, mbali huko, maana miguu ya mama yao haiziwezi tena ngazi zetu. Kwa Shemeji hakuna ngazi, na zahanati iko jirani. Mama Mkwe tumekaa naye tangu kitinda mimba wetu anaota meno. Tunagombania redio. Tunagombana vizuri.

Mama Watoto anataka sauti ya mama yake ibaki hapa. Na uso wake, akiongea kama anavyoongea siku zote. Simu haitaki. Ya kwanza ilitumbukia kwenye beseni la kufulia pamoja na picha zote za wajukuu. Hii ya sasa, mama yake akiona inainuliwa tu, anakauka kama anapigwa picha ya kitambulisho. Mama Watoto anataka kamera ya video. Ndogo. Ya mkono mmoja, aishike mwenyewe huku amekaa karibu na mama yake. Neno "ndogo" amelirudia mpaka nikaanza kuona ananisema mimi.

Pesa amenipa, za kushona sare. Akasema, "Baba, nakuomba, safari hii usinunue kwa akili zako."

Nimelichukua kama sifa.

Jumanne, 5 Machi

Niandike kwanza mimi ni nani, maana wauzaji wa mjini hawajui. Mimi ndiye niliyekuwa mkuu wa mizani kwenye ghala la nafaka. Hakuna gunia lililotoka bila mkono wangu. Shule niliiacha darasa la nne kwa sababu sikuona cha kuongeza. Nikishika kitu, najua ubora wake. Kizuri ni kizito. Maneno mengine yote ni ya wauzaji.

Duka la kwanza, kijana mwenye tai ameniambia habari za pikseli. Nikamuuliza kamera ina uzito gani. Hajui! Mtu anauza kitu hajui uzito wake! Nikatoa mfukoni mizani yangu ya ndoano, nikaitundika kamera kwa mkanda wake. Akapiga kelele kama nimemtundika yeye. Mlinzi amenisindikiza hadi nje kwa heshima kubwa. Amenishika mkono njia nzima.

Duka la pili kuna dada anatafuna jojo. Huyu ana adabu, aliniacha nipime. Nimepima zote. Aibu tupu. Moja ilikuwa nyepesi kama kipande cha sabuni ambacho kimeshatumika. Nikamuuliza sehemu nyingine iko wapi. Akacheka, akasema hiyo ndiyo yote, ni ya matumizi ya nyumbani, na ndani yake kuna kitu kinachotuliza picha mkono ukitetemeka. Nikamwambia mkono wangu hautetemeki. Akautazama.

Kwenye kabati la juu nikaona mwanamume mwenzangu. Kamera ya kubeba begani, ya wapiga picha wa harusi. Ndoano ilishuka mpaka moyo wangu ukatulia. Dada akauliza nani ataitumia. Nikasema mke wangu. Akauliza mke wangu amesema anataka ipi. Nikakohoa kidogo. Akauliza tena. Mabinti wa siku hizi wanahoji kama polisi.

Pesa zilitosha ile ya sabuni tu. Kwa hiyo nimeichagua.

Jumatano, 6 Machi

Mama Watoto ameishika kwa mkono mmoja, amemlenga paka, amecheka. Amesema kumbe nikitaka nasikia. Lakini moyo wangu hauna amani. Ukikishika kitu chenyewe ni kama umeshika ahadi ya fundi viatu.

Alipotoka kwenda kununua uzi, nikafanya walichosahau kiwandani. Nina jiwe langu la mizani la kilo moja, chuma kitupu, nililopewa siku ya kustaafu. Nimelifunga chini ya kamera kwa mpira wa baiskeli, nikazungusha, nikazungusha, nikakaza kwa meno. Kijimlango cha kadi kimezibika, lakini kadi imo ndani, itakwenda wapi? Sasa ndiyo kamera.

Mama Watoto amerudi, ameinyanyua kwa mkono mmoja, mkono umeshuka. Amejaribu kufungua mpira. Mimi nikifunga, nimefunga. Akaleta mkasi wa kushonea. Nikamwambia ukiteleza unakwangua kioo, na pesa ni zako. Akaurudisha mkasi. Hapo alisema maneno ambayo siyaandiki, kwa kuwa nayaheshimu maandishi. Mwisho akasema basi ishike wewe, uliyeitia ugonjwa.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mpiga picha wa familia. Sikupanga. Ila ningeulizwa, ningepanga hivyohivyo.

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amefika. Miwani juu ya paji la uso, kama kwamba macho yake yako huko. Alikuwa karani wa bima na bado anatembea kama amebeba faili. Akasema, "Shikamoo, Bwana Mizani," akaitazama kamera, akauliza hiyo pasi inatumia mkaa au umeme.

Sikumjibu. Nilikuwa kazini.

Mama Mkwe alivalishwa gauni la kutokea, akakalishwa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni. Nikafungua kioo cha kamera. Taa ya kijani ikawaka, na Mama Mkwe huyo hapo kiooni, mzima mzima. Dada wa dukani alitaka kunifundisha habari za taa, nikamkatiza. Taa nilizijua kabla mama yake hajazaliwa. Ghalani zilikuwa mbili, juu ya mizani yangu. Kijani, pakia. Nyekundu, kaa pembeni upumzike. Basi. Ikiwa kijani, napiga picha. Mkono ukichoka nabonyeza kitufe, inakuwa nyekundu, chombo kinalala, nakiweka mezani.

Mkono unachoka upesi. Ni joto.

Mama Watoto akamuuliza mama yake alizaliwa wapi. Akasema nyumbani. Akamuuliza marehemu baba yao alikuwa mtu wa namna gani. Akasema mwanamume. Shemeji akamwambia, "Mama, jiachie." Mama Mkwe akaishika mikono ya kiti kwa nguvu zaidi.

Nikachoka, nikabonyeza, nyekundu, mezani. Mama Mkwe akauliza kama dude limelala. Nikamwambia limelala fofofo. Palepale akavua viatu, akakunja mguu, akaanza kusimulia jinsi marehemu alivyokuja kumposa amevaa suruali ya kuazima, ikambidi asimame muda wote kwa sababu akikaa ingepasuka. Tukacheka mpaka chai ikapoa.

Mama Watoto akanisihi niiamshe, upesi, upesi! Nikanyanyua, nikabonyeza, kijani. Mama Mkwe akarudi kwenye kitambulisho.

Mwanamke yule ana roho ngumu. Napenda watu wa hivyo.

Ijumaa, 8 Machi

Mambo ni yaleyale. Kijani, mawe. Nyekundu, maji.

Kamera ikilala, Mama Mkwe amemsuka Mama Watoto nywele huku akimgombeza kwa kukata kitambaa cha mteja upande. Mama Watoto na mvi zake alikuwa amekaa sakafuni kama mtoto wa shule. Kamera ikiamka, wote wawili walikaa wima kama wanasubiri daktari.

Shemeji ametoa ushauri. Amesema niibandike taa karatasi nyeusi, niiache kamera mezani ikifanya kazi, mama asijue. Nimemwambia huo ni utapeli. Akasema mimi nimemfunga kilo moja ya chuma mtoto mchanga, nisimfundishe yeye utapeli. Nimetoka nje kabla sijamkosea.

Nilipokuwa napumzika na chombo peke yetu, nilimweleza paka kwamba Shemeji hana ajualo, anatembea kama bata aliyepandishwa cheo, na mke wangu alirithi akili zote yeye akarithi miwani. Paka amekubali. Pia nimekula vijiko vitatu vya sukari nilivyokatazwa na daktari. Hakuna aliyeona.

Mama Watoto leo hakushona. Amesema mama yake anaondoka keshokutwa na hana hata sentensi moja ya kubaki nayo. Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Nimemwambia picha zipo, nimezipiga kwa mkono wangu.

Jumamosi, 9 Machi

Kazi yangu imeonyeshwa.

Shemeji ameleta waya, ameunganisha kamera na televisheni. Wote tulikaa. Mimi mbele. Nikatoa hotuba fupi kuhusu uzito. Shemeji akasema hotuba ikiisha mniamshe.

Picha ya kwanza ikatokea. Chupa ya chai. Upande wa kushoto wa chupa, sikio la Mama Mkwe.

Shemeji alicheka mpaka miwani ikaanguka mahali pake. Akasema, "Bwana Mizani, hongera, chupa imetoka vizuri, ina kilo ngapi?" Tukasogeza mbele. Mama Mkwe kwenye kiti, na gauni la kutokea, hakuna. Tukarudisha nyuma. Hakuna. Kazi yangu yote ya kijani imepotea! Mashine imeila!

Mama Watoto akanyanyuka, akaenda jikoni. Hakubamiza mlango. Nikasikia maji yanafunguliwa na hakuna kinachooshwa.

Nikasema ni kosa la dada wa dukani. Nikasema ni kosa la waya. Shemeji tayari alikuwa ananyoosha mkono azime televisheni, ndipo Mama Mkwe wa ndani ya televisheni akamwita binti yake. Kwa lile jina la utotoni, ambalo sisi wengine hatulitumii. Akamwambia asogee, kichwa chake kizito, anakiegemeza kama gunia.

Maji yakafungwa jikoni.

Mama Watoto amerudi, amesimama mlangoni, mikono inadondosha maji. Kwenye televisheni alikuwepo yeye, sakafuni, nywele nusu. Mama yake juu, anasuka na kugomba. Picha imelala upande kidogo. Kisha tukarudi kwenye ile chupa ya chai, ikaja suruali ya kuazima, yote, mwanzo mpaka mwisho. Mama Mkwe wa kwenye kochi akawa anamsahihisha Mama Mkwe wa kwenye televisheni. Shemeji aliacha kucheka ilipofika sauti ya marehemu baba yao, maana mama yao aliiigiza, na inaonekana aliipatia. Aliivua miwani kabisa. Akafuta kioo ambacho hakikuwa na kitu.

Mama Watoto amekaa sakafuni, miguuni kwa mama yake, akatazama mpaka mwisho. Ameishika tu ile miguu mibovu.

Mwisho tukafika kwa bata aliyepandishwa cheo. Na sukari. Sauti yangu ni nzuri sana kwenye televisheni. Shemeji amenitazama. Mimi nimemtazama paka.

Wote walikuwa na furaha, hata Shemeji, kwa namna yake. Yote haya kwa sababu ya kilo moja. Bila jiwe mkono usingechoka, bila kuchoka nisingeiweka mezani. Nimewaeleza. Mama Watoto amecheka na kulia pamoja, amesema, "Mume wangu, nyamaza leo tu."

Nimenyamaza muda wa kutosha.

Jumapili, 10 Machi

Wameondoka asubuhi. Nilimshusha Mama Mkwe ngazi mwenyewe, mgongoni. Si mzito. Sikupenda hivyo. Gari lilipowashwa akafungua kioo, akaniambia redio sasa ni yangu. Nikamwambia nitaizima. Akasema nisithubutu.

Nimepiga picha gari likiondoka, kijani mpaka kona. Haikutokea.

Jumatano, 13 Machi

Nimekwenda dukani kumsaidia yule dada. Nimemshauri wauze kila kamera pamoja na jiwe lake. Nikamwambia pia taa zimegeuzwa kiwandani, nyekundu inarekodi na kijani hairekodi, awaandikie wenye kiwanda warekebishe. Akaacha kutafuna. Akasema duniani kote ndivyo zilivyo. Nikamwambia basi kazi ni kubwa, aanze mapema. Mlinzi wa hapa naye anashika mkono.

Nyumbani, Mama Watoto anaiweka video kila jioni akimaliza kushona. Kuna mahali sikupaona Jumamosi kwa sababu nilikuwa natoa maelezo. Mama Mkwe anasuka, anasema taratibu, "Mumeo mjinga, mwanangu. Lakini ndani ya nyumba hii sijajiona mgeni hata siku moja."

Sehemu ya pili ni sahihi kabisa, ilibidi isemwe na mtu mzima. Sehemu ya kwanza ni ya kukata. Nimemwomba Mama Watoto akaikatishe kwa dada wa dukani. Amekataa katakata. Amesema hata herufi moja haitoki.

Kwa hiyo nimehamisha kiti changu karibu na televisheni. Likikaribia lile neno, nakohoa. Kikohozi kizito, cha kufunika neno moja tu, halafu kimya, ili sehemu ya pili isikike vizuri. Ni kazi ya ufundi, si kila mtu anaiweza.

Leo Mama Watoto amerudisha nyuma pale pale, mara mbili, akinitazama. Nimekohoa mara mbili. Amesema kesho twende zahanati nikapimwe kifua.

Nimemwambia ni vumbi.