Kibali cha Kutisha Watoto wa Cedar Hollow

Kwa heshima na taadhima, wakaazi wote wa Cedar Hollow, jimbo la Ohio, walitangaziwa kwamba kuanzia mwaka huu hofu ya Halowini, ule usiku wa watoto kutishwa na kugawiwa peremende, itatolewa kwa utaratibu. Zamani kila mtu alikuwa akitisha anavyojisikia, hali ambayo haikuvumilika. Sasa kuna Kamati ya Viwango vya Kutisha, chini ya Jumuiya ya Wenye Nyumba, na mwenyekiti wake ni Bwana Randall Stoltz, yule yule aliyeuokoa mtaa kutoka kwa sanduku la barua la rangi ya zambarau.

Mzimu usizidi urefu wa mwenye nyumba. Mifupa iwe kamili. Na chochote kilichotengenezwa kwa mikono, badala ya kununuliwa dukani kama wafanyavyo watu wastaarabu, kisiguswe kwa mkasi, gundi wala brashi mpaka uwanja mzima upate kibali.

Hapo ndipo Verna Pruitt alipouweka mkasi chini. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na mwaka mzima kwake ulikuwa ni kuingojea jioni moja, watoto wakimbie uwanjani kwake wakipiga mayowe, halafu warudi kukimbia tena. Kazi yenyewe ilikuwa imefika pazuri. Alishaukunja waya wa kuku ukawa vichwa vya wachawi, akavibandika vipande vya magazeti vilivyolowekwa kwenye uji mzito wa unga wa ngano, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikaukia kwanza gerejini. Mawe ya makaburi aliyachonga kwa povu gumu lile la kufungia televisheni, akayamega kingo kwa kisu cha mkate ili yaonekane yameliwa na mvua. Wachawi walibakiza kutobolewa macho tu. Tangazo likawakuta hivyo hivyo, vipofu.

Kamati ilifika kukagua mchana wa Halowini yenyewe, yaani Bwana Stoltz mwenye tai na futi ya kupimia, pamoja na katibu wake, Marcy Dunlap. Verna akawakaribisha maji ya matofaa ya moto yenye mdalasini. Mwenyekiti akanywa kikombe, akaongezwa, akaongezwa tena.

"Mchawi huyu mbona hana macho?"

"Macho yanakatwa kwa mkasi, Bwana Mwenyekiti. Na mkasi mmenikataza."

"Andika, Marcy. Mchawi ana upungufu wa macho. Kibali hakitolewi kwa kazi isiyokamilika."

"Na kazi haikamiliki bila kibali," akasema Verna.

"Umeelewa vizuri sana, mama. Wengine hatuna budi kuwaandikia mara mbili."

Akasogea penye mizimu iliyosimama kando ya ngazi, inayopitisha mwanga kama barafu. "Na hawa?"

"Selotepu pana. Namviringishia mtu nailoni ya jikoni, ile ya kufunikia chakula, juu yake selotepu matabaka matatu, nachana mgongoni, mtu anatoka, ganda linabaki. Huyo hapo ni mume wangu, Gus."

"Ndiye mimi," akasema Gus kutoka barazani, "kabla ya donati za mwaka huu."

"Kamati haiidhinishi isichokishuhudia," akasema mwenyekiti. "Nifanyie mimi."

Verna akamtazama. "Kuingia si kazi, Bwana Mwenyekiti. Kutoka ndiko kunakotaka mkasi."

"Mama Verna, utaratibu huanzia mwanzo. Ya mwisho tutayajadili yakifika."

Akajichagulia na mkao: mkono wa kuume juu, kidole kimenyooka, kama afanyavyo vikaoni. Verna hakumharakisha. Alianza na nailoni, ili selotepu isije ikanyonyoa mtu, kisha akapanda kutoka vifundoni. Kwenye viwiko na magoti alitumia vipande vifupi, akivikandamiza kwa kidole gumba mpaka hewa iishe, maana hewa ikibaki mzimu hupata chunusi. Kichwa alikiacha. Kilikuwa bado kinatumika.

"Kazi safi," akasema mwenyekiti, mgumu kama mlango. "Nimeridhika. Sasa nitoe."

"Kwa mkasi?" akauliza Verna.

Marcy akakohoa kidogo. "Kilichotengenezwa kwa mikono kisiguswe kwa mkasi, gundi wala—"

"Mimi si kitu, Marcy."

"Kuanzia vifundoni hadi shingoni, Bwana Mwenyekiti, umetengenezwa kwa mikono. Nimeshuhudia."

"Na dukani huuzwi," akasema Gus. "Mimi ningekuona."

"Basi nipeni kibali mimi peke yangu."

"Kibali ni cha uwanja mzima," akasema Marcy. "Ulilipigania hilo kikaoni mpaka mate yakakukauka."

Mwenyekiti akajaribu kuushusha mkono, ukakataa. Jasho lilikuwa limeanza kufanya ukungu ndani ya nailoni. Vile vikombe vya maji ya matofaa navyo vilikuwa vimemaliza safari yao na vinabisha hodi. Mama mmoja akapita na bintiye mdogo aliyevaa mbawa za nyuki, wakiwatangulia watoto wengine wa jioni hiyo.

"Mama, huyu naye anatisha?"

"Sijui, mwanangu. Twende zetu."

"Marcy," akasema mwenyekiti kwa sauti ndogo, magoti yakijaribu kukutana na kushindwa. "Uwanja wa Pruitt umeidhinishwa."

"Pamoja na macho?" Verna alikuwa ameshaufuata mkasi.

"Pamoja na macho."

"Na hawa mizimu wanaonizidi kimo?"

"Mama Verna, nakusihi."

"Naandika ndiyo," akasema Marcy, akaiandika bila haraka.

Verna akachana mgongoni taratibu, kama anayefungua samaki. Mwenyekiti akachomoka, akavuka barabara bila kuaga, wala hakuangalia magari. Ganda lake likabaki limesimama kwenye nyasi, kidole juu. Verna akalitia taa ndani, akalipachika kichwa cha povu, kisha akaenda kuwatoboa wachawi macho.

Giza lilipoingia watoto wakaja. Waliwakimbia wachawi kwa mayowe hadi barabarani, wakarudi, wakawakimbia tena, na Verna akasimama barazani na bakuli la peremende, hata kukaa hakutaka. Yule wa kidole juu hakukimbiwa na mtu. Walipopata joto kwa mbio walivua makoti, wakamtundikia.