Wamesema Safi

Jumatatu, 6 Oktoba

Shangazi Ftoma anahamia Tanja kwa binti yake. Ijumaa, baada ya mlo wa kuskusi, atakabidhi funguo za duka lake la magodoro na mito ya kukalia sebuleni. Ama kwangu, ama kwa binamu yangu Anouar. Atakayeleta wateja wengi zaidi wiki hii ndiye mwenye duka.

Anouar! Mtu wa kupangusa vumbi na kumsikiliza kila bibi mgongo unamuuma wapi. Huo nao ni ufundi?

Mimi nina akili. Mimi ni katibu wa chama cha wafugaji wa chiriku hapa Tetouan, na katibu ana anwani za barua pepe za wanachama wote. Mwenye chiriku ana sebule. Mwenye sebule ana godoro. Godoro huchakaa. Nimekula vizuri leo.

Jumanne, 7 Oktoba

Anouar kanikuta naandika tangazo. Akauliza kama nimeomba ruhusa. Ruhusa ya nini? Eti sheria inakataza kumtumia mtu barua pepe ya biashara kabla hajakubali. Eti lazima ujitaje wewe ni nani, na umwachie njia ya kujitoa. "Walikupa anwani kwa ajili ya ndege, bwana, si kwa ajili ya magodoro." Nikamwambia wivu utamuua. Akacheka, akaenda kumbebea mama mmoja mito hadi kwenye teksi.

Nimeisoma hiyo sheria. Kwa bahati mbaya hakudanganya.

Jumatano, 8 Oktoba

Haya, ruhusa nimeomba! Wanachama walikuwa mkahawani wakisikiliza chiriku wao. Ndege akiimba ni mwiko kupaza sauti, kwa hiyo nimepita meza hadi meza nikinong'ona: je, ungependa kupata habari njema za sebule yako? Kila mmoja akajibu, "Inshallah." Hakuna hata mmoja aliyesema hapana!

Bwana Abdeslam, yule wakili mzee, hakusema inshallah. Alitikisa kichwa tu. Lakini chiriku wake alikuwa anaimba, naamini alikuwa anafuata mdundo. Nimemwandika amekubali. Wasiokuwepo nimewaandika vilevile, maana wangekuwepo wangesema inshallah.

Jioni nimetuma. Kichwa cha barua: "Habari ya Dharura Kuhusu Chiriku Wako." Ndani, magodoro na mahali duka lilipo. Bila hivyo nani angefungua? Nikatia sahihi "Rafiki wa Ndege", kwani kujitaja ni kujisifu. Chini kabisa, kwa heshima ya sheria: anayetaka kujitoa na anijibu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Majibu! Bwana Bouazza wa duka la viungo: "Safi." Mfamasia: "Safi, ndugu yangu." Mwalimu wa hesabu: "Safi safi safi." Kwetu safi ni neno la kupatana. Muuzaji akitaja bei, mnunuzi akasema safi, mzigo unafungwa. Ni kweli pia kwamba mama humwambia safi mtoto anayegonga sufuria, na hapo maana yake ni inatosha, koma. Lakini mimi si mtoto. Na sufuria sijagonga.

Wote waliosema safi nimewatumia tena. Wakasema safi tena, safari hii kwa alama za mshangao. Nikawatumia mara ya tatu, pamoja na picha za mito. Mfamasia kairefusha safi yake hadi imejaza mstari mzima. Shauku iliyoje!

Nimemwonyesha Anouar. Alinitazama kama anayetazama mgonjwa. "Mfeddal, ndugu yangu, hao wanakwambia koma." Wivu mtupu. Nimemwambia Shangazi ajiandae, kesho watu watapanga foleni.

Ijumaa, 10 Oktoba

Foleni imekuja. Wanachama wametoka msikitini moja kwa moja hadi dukani. Mbele kabisa Bwana Abdeslam, na tundu la ndege mkononi. Kumbe ile habari ya dharura ilimfanya amkimbize chiriku wake kwa daktari wa mifugo, na ndege hakuwa na ugonjwa wowote ila hasira. "Mimi nilitikisa kichwa, wewe! Kutikisa kichwa kwenu ni ndiyo?" Akaendelea kwamba inshallah si ruhusa, ni adabu tu. Kwamba atashtaki, na jina litakalotajwa ni la duka.

Shangazi akaketi. Duka hilo walilianzisha yeye na marehemu mumewe, kwa godoro moja la sufu. Niliona haya kwelikweli, mpaka kiu ikanishika.

Anouar akamimina chai. Akamwomba radhi kila mtu kwa jina lake, akachukua kompyuta yangu bila kuniuliza, akafuta anwani zote mbele yao. Bwana Abdeslam akalainika, akasema hashtaki. Kisha mfamasia akabonyeza godoro moja na kuanza kumweleza Anouar habari za kiuno chake. Mpaka chai inakwisha, watu kadhaa walikuwa wameagiza magodoro. Wateja wangu! Nani aliyewaleta kama si mimi?

Nikamfuata Shangazi jikoni, nikamweleza hivyo hivyo. Waliokuja wamekuja kwa barua zangu, basi duka ni langu. Akafunika kuskusi iliyobaki. Akasema kwa upole, "Safi, Mfeddal. Safi, mwanangu."

Jumamosi, 11 Oktoba

Shangazi kaondoka kwa basi la asubuhi. Funguo kamwachia Anouar, bila shaka anitunzie. Anouar hakuambiwa safi hata mara moja. Mimi nimeambiwa mara mbili.

Nimekwenda kwa fundi wa vibao kuagiza kibao kikubwa cha duka, jina langu juu, picha ya chiriku chini. Akauliza kama mwenye duka amekubali. Nikamweleza neno kwa neno alivyosema. Fundi akaweka patasi chini, akanishika bega. Nikamuuliza basi kibao kitakuwa tayari lini.

Kasema inshallah. Nimemwandika Jumatatu.