Ping Isiyochoka

Jumatatu, 3 Machi 2003

Siku mbaya. Hapa mtaani Mutakura mtu haketi kwenye mashine ya siber, duka la intaneti, kabla hajaonyeshwa ping. Ndiyo desturi, na aliyeianzisha ni mimi Tajudini! Nafungua dirisha jeusi, naandika ping, amri ya kuita mashine ya mbali ijibu, mistari minne inateremka kuonyesha majibu yanarudi. Mteja anaridhika, anakaa. Leo Consolate wa ng'ambo ya barabara ameweka Linux badala ya Windows kwenye mashine zake. Ping yake haikomi! Inateremka tu mpaka mtu aikatishe. Watu wamejaa mlangoni kwake wanaitazama kama mpira. Shaabani fundi pikipiki, mteja wangu wa kila siku, amenieleza bila haya kwamba ya kwangu inachoka mapema. Nimemwambia laini ya intaneti ni ile ile, inashuka kutoka antena ya duka la dawa, waya mmoja kwangu, mwingine kwake. Amecheka. Amevuka barabara.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa Consolate kujifanya mteja. Mpango: kumwaibisha. Nimeandika ipconfig, amri ya kuuliza anwani ya mashine, kama kwangu kwenye Windows. Mashine ikasema haiijui amri hiyo. Nikapaza sauti: jamani, mashine haijui hata anwani yake yenyewe! Consolate akaja taratibu, akaandika ifconfig, kwa f. Anwani ikatoka. Akaniuliza kama nataka anifundishe, bure, kwa ujirani. Watu wakaangua kicheko! Nimetoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa! Hugues, mwanafunzi wa Kamenge anayekuja kuchapa kazi zake, amesema Windows nayo inaweza kupiga ping bila kukoma. Unaongeza -t tu. Na ukiongeza -l, kila ping inabeba mzigo mkubwa kadiri unavyotaka. Akaanza kunionya jambo fulani kuhusu huo mzigo. Sikuwa na muda. Nimewasha kwenye mashine mbili zinazotazama barabara, mzigo wa juu kabisa. Shaabani amerudi. Aka! Nani anachoka sasa?

Jioni amekuja Mwavita, Mama Khaled, jirani yangu tangu utoto. Mwanawe Khaled amekimbilia kambini Tanzania, yuko huko miaka mingi. Sasa amepata nafasi ya kwenda Norway, lakini amesikia mama yake amekufa, na hasadiki barua ya kusema yu hai. Anasema barua mutu yeyote anaweza kuandika, wengi wamerudishwa hivyo wakapotea. Ijumaa atakuwa kwenye siber ya Kigoma, anataka kuandikiana na mama yake palepale kwenye mashine. Asipompata, anapanda lori arudi kwenye vita hivi vya kwetu. Mama Khaled ameniambia, Taju mutoto yangu, mi nataka aende, asirudi. Nimemwapia laini yangu ndiyo nzima kuliko zote za mtaa.

Ijumaa, 7 Machi

Baada ya sala Mama Khaled alikuja, amejifunga kitenge kipya kana kwamba Khaled atamwona. Jina la kijana likatokea kwenye kioo. Swali lake la kumpima mama likaingia, polepole mno: nilivunja nini siku ya Idi? Mama Khaled alicheka mpaka machozi. Birika! Birika la shangazi yake! Nikaandika birika. Halikwenda. Nikabonyeza tena. Halikwenda. Khaled akaandika: Mama? Kisha: we ni nani? Mama Khaled akaisogelea mashine, akaiambia kwa sauti, birika, mwanangu, birika. Nikakimbia kwa Consolate. Kwake pia hakuna kinachopita. Niliporudi jina la Khaled lilikuwa limezimika.

Nimemwambia Mama Khaled kosa ni la Consolate na Linux yake.

Jumamosi, 8 Machi

Hugues amekuja. Ametazama dirisha langu jeusi, akauliza nani kanituma kuacha kitu hiki kikiwaka na mzigo huo. Ndicho alichokuwa ananionya. Nimejaza laini kwa ping zangu, neno la mtu likakosa pa kupita, kwangu na kwa Consolate vilevile. Astaghfirullahi! Nimezima zote. Nimekaa chini nikalia kama mtoto.

Nimekwenda kwa Mama Khaled nimwambie ukweli. Kabla sijafungua mdomo kanimiminia chai, kaniambia nisijitese, nimejaribu, Mungu ataniona. Nimekunywa chai. Nimerudi nyumbani na ukweli wangu. Najichukia.

Jumatano, 12 Machi

Khaled amefika. Ana kwa ana, begi moja, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuja kutafuta kaburi. Mama Khaled kamkumbatia, kampiga na kandambili, kamkumbatia tena. Milio ya bunduki ilisikika upande wa Kamenge na mama akawa analia, akimuuliza mwanawe kwa nini hakwenda, kwa nini. Nilisimama ukutani. Kijana ana sauti ya baba yake. Ningekuwa mtu mzuri, leo angekuwa anafunga mizigo ya Norway.

Alhamisi, 13 Machi

Bado kuna tumaini! Ofisi ya kambi wanamshikia Khaled nafasi yake mpaka leo jioni, mradi awaandikie kwa barua pepe kwamba anarudi. Nimempa mashine yangu bora. Nimeapa mbele ya mama yake kwamba leo sitagusa kitu. Mama Khaled amekaa nyuma ya mwanawe na tasbihi.

Halafu nikatazama nje. Consolate kageuza maandishi ya ping yake kuwa ya kijani! Watu wamejaa. Shaabani tayari ana mguu mmoja barabarani. Wallahi nimepigana na nafsi yangu. Nikawasha ping moja tu, mzigo mdogo. Shaabani hakugeuka. Nikaongeza mzigo. Nikawasha ya pili.

Kageuka! Wanavuka, wote wanavuka! Khaled ananiuliza kwa nini barua haiendi. Nimemwambia asubiri kidogo, kwanza niwakaribishe wageni.