Udongo wa Ayalandi Niliouonja Bankstown

Mdomo wangu umenifedhehesha leo, jamani, na sina wa kumlaumu.

Mnanijua. Shule niliiachia darasa la tano, kambi ya wakimbizi Kigoma, na sasa magari ya usafi yenye jina langu yanazunguka Sydney nzima. (Wenye digrii ndio wanaoyaendesha. Mniache niseme.) Asubuhi nilikwenda Bankstown kwa Mama Nora, bibi wa asili ya Ayalandi anayesimamia ukumbi wa kanisa lao. Anatafuta mtu wa kuusafisha. Kazi hiyo nilikuwa naiota.

Badala ya kuzungumza kazi, bibi akatandaza ramani ya parokia ya babu yake. Parokia gani ile! Mlima wenye upara, ziwa la baridi, halafu mawe. Mawe mpaka wakayapanga kuwa kuta, shamba kwa shamba. Mbuzi wa kwetu angehama siku ya kwanza. Akanisimulia jinsi viazi vilivyooza ardhini, watu wakafa njaa, waliobaki wakapanda meli. Nikatikisa kichwa kwa heshima. Moyoni nasema: kumbe wakimbizi wenzetu, ila sisi tuliacha migomba, wao wameacha kokoto.

Kisha akaleta kisahani, akakiweka kando ya biskuti. Juu yake kipande cheusi, kikavu.

"Ni udongo wa parokia yetu," akasema, akakisogeza mbele yangu, akaenda jikoni kuchukua maziwa.

Mimi na ujuaji wangu! Mke wangu kila akiwa mjamzito alitafuna udongo kama karanga. Nikaona hawa nao wanao udongo wao wa kutafuna. Na ukikataa cha mwenyeji umemdharau, kazi inakupotea. Nikauma. Nusu nzima. (Afadhali ningelamba jiko.)

Bibi akarudi. Akatazama kisahani. Akatazama meno yangu.

"Bwana Elia, umekula kuni?"

Kumbe kule miti ni ya shida. Wanachimba udongo wa kinamasi, wanaukausha, wanaupikia! Na kile kipande babu yake alikuja nacho melini. Kimevuka bahari zote, kimemzika babu, kikaja kufia mdomoni mwangu.

Nikajaribu kuomba radhi, vumbi likanitoka puani. Bibi akacheka mpaka akakaa chini.

Kazi amenipa, lakini ya madirisha tu. Tena kwa nje. Ndani, anasema, kuna vitu vya ukumbusho.

Chekeni mpaka mmalize, ila mke wangu asisikie.