Kufutwa kwa Kuanguka mjini Kalemie

Inatangazwa kwa raia wote wa Kalemie, kuanzia bandarini hadi mtaa wa Kataki, kwamba tangu Jumatatu kuanguka kumefutwa. Hakuna mkubwa atakayeanguka tena, si katika historia, si katika hadithi, si katika michezo ya shule. Watoto wanaojifunza kutembea watapewa muda wa kujirekebisha.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Mwamba, katibu wa Kamati ya Kusahihisha Miisho, na nalionea fahari mpaka leo.

Aliyetulazimisha kulitoa ni Mwalimu Banza. Alifundisha historia kwa ukaidi wa ajabu: kila mfalme aliyempandisha asubuhi, kengele ya mchana haikulia kabla hajamwangusha. Tukamvumilia. Kisha akatunga mchezo wa kumpokea Gavana atokaye Lubumbashi, na maneno ya kwanza kabisa yalikuwa "Mpanda ngazi hushuka." Sitwayeni Komisere, mkuu wa mji wetu, alisoma mpaka hapo, akafunga daftari, akaagiza Banza awekwe kasho, kile kifungo kilicho nyuma ya ukumbi, mpaka mchezo wake upate mwisho mzuri. Mchezo usipompendeza Gavana, mtunzi angepandishwa gari moshi lile lile la Gavana, na waliowahi kupandishwa namna hiyo hatukuwapokea tena stesheni.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii. Tulifungua vitabu vikubwa vya mapadri, tukasoma kurasa za mwanzo tu, kwa sababu ugonjwa wenyewe ulikuwa mwishoni na hatukutaka utuambukize. Yule mfalme wa Ulaya aliyepeleka jeshi kwenye theluji, sisi tulithibitisha kwamba hakushindwa. Alirudi nyumbani kuchukua koti. Na yule jemadari wa Roma hakuchomwa visu na rafiki zake. Walimkaribia kwa furaha ambayo haikupangwa vizuri.

Usumbufu ulikuwa mmoja, mke wa Banza, Mama Florentine. Hilo ni jina la ubatizo na serikali ilikwisha kulipiga marufuku, lakini ukimwita kwa lile la halali haitiki. Kasho letu halipiki. Mfungwa hula kinachotoka kwake. Kila mchana mama huyo alileta beseni la bukari, ugali wetu, na ndagala, vile visamaki vya ziwani, na askari walionja ndagala kuhakikisha hazina siasa. Zikawa zinaisha katika uchunguzi. Bukari ndiyo iliyomfikia Banza, tena kavu.

Siku moja Mama Florentine aliingia bironi, ofisini kwa Komisere, bila kubisha hodi.

"Papa Komisere," alisema, "bwana yangu anakohoa usiku muzima. Mukimupandisha ile gari moshi hatafika hata Nyunzu. Nimekuja kumuombea."

Komisere alimjibu kwa upole kwamba njaa kidogo humsaidia mtunzi kufikiria miisho. Alikuwa ametoka kula.

Banza hakutoa mwisho mwingine, basi tukauondoa wa kwake bila kuusoma, na Komisere akachukua mwenyewe nafasi ya mfalme. Mapipa matupu ya mafuta ya mazuti yaliletwa kutoka bandarini, yakapangwa kama ngazi za kanisa, juu yake mbao, juu ya mbao kiti chenye kitambaa cha chui. Kwa kuwa kila pipa lilimfika mtu kifuani, Papa Isidore wa reli, mwingine wa jina la ubatizo, akatuazima ngazi yake. Komisere aliagiza kwamba akishapanda, ngazi iondolewe mara moja, maana ngazi ni chombo chenye nia mbili.

"Na kushuka, Papa?" Isidore aliniuliza.

Nilimweleza kwamba kushuka hakumo katika programu. Alikuna kichwa, na siku ya mchezo, Komisere alipokwisha kukaa, akairudisha ngazi stesheni. Huko walikuwa wakiisubiri. Wakaipakia kwenye treni ya Niemba.

Ukumbi ulijaa. Akina mama wa animasion walicheza ngoma zao za kusifu serikali, Gavana aliketi mbele, pazia likafunguka. Komisere, katika abakosti mpya, ile suti isiyo na tai, alinyoosha mikono juu kabisa ya mapipa na kusema, "Nimefika!" Tulipiga makofi. Tulipomaliza hakikutokea kitu, kwa kuwa huo ndio uliokuwa mwisho, tukapiga tena. Alisema tena kwamba amefika. Mara ya tatu ni mimi peke yangu niliyepiga.

Gavana hakupiga. Alikuwa akitazama ukutani, nyuma ya mapipa, nami nikatazama.

Kila mtu wa Zaire anajua kwamba juu ya picha ya Kiongozi wa nchi hakitundikwi kitu. Katika ukumbi wetu hata saa ilikaa chini yake, tukainama kuisoma. Sasa viatu vya Komisere vilikuwa vinaning'inia juu ya kofia ya Kiongozi.

"Ule muntu anakaa juu ya nani?" Gavana aliuliza polepole. Kisha: "Mumushushe."

Nilisimama, nikamsomea kwa heshima tangazo lote, pamoja na kifungu cha watoto. Gavana alinitazama kama nzi aliyeingia katika bia yake. Akauliza mwenye mchezo yuko wapi.

Banza aliletwa amejifunika blanketi, akikohoa. Gavana alimtaka aseme mchezo unaishaje.

"Mufalme anashuka yeye mwenyewe, Mukubwa. Anaomba watu musamaha, wanamupa chakula. Njo mwisho."

"Haanguki?"

"Hapana. Ngazi iko pale."

Sote tuligeuka kutazama mahali ambapo ngazi ingekuwa.

Gavana aliamuru Banza aachwe huru arudi nyumbani, na Komisere achukue nafasi yake kasho mara atakapofika chini. Kisha akaenda zake. Askari wawili waliketi chini ya mapipa kungoja. Komisere alitangaza kutoka juu kwamba bado yumo kazini, na kwamba sheria haimruhusu kushuka. Bati la ukumbi likazidi kupata moto.

Mama Florentine alifika na beseni lake kama kawaida, hana habari. Alipomwona mumewe ameketi huru ukingoni mwa jukwaa, alilia, nami nilijifanya natafuta kalamu. Banza alikula. Siku hiyo askari hawakuonja, waliona haya. Harufu ikapanda.

"Mama Florentine," sauti ilitoka juu. "Ile njo ndagala?"

"Njo yenyewe, Papa."

Komisere alichungulia ukingoni mwa mbao.

"Iko mingi?"

"Ya kutosha muntu mwenye anashuka."

Alishuka kinyumenyume, tumbo likisugua mbao, abakosti imepasuka mgongoni. Mguu wake ulipokosa pipa ni Banza aliyeacha mlo, akaushika mguu na kuuweka mahali pake, pipa baada ya pipa. Komisere akala kwa mikono miwili. Askari waliponyanyuka, mama aliwaambia aachwe amalize, nao wakakaa. Ndipo akapelekwa kasho.

Katika ripoti yangu niliandika kwamba tangazo liliheshimiwa: hakuna aliyeanguka. Lubumbashi waliridhika, wakanipa mimi ukomisere kwa muda.

Papa Isidore aliporudishiwa ngazi yake kutoka Niemba, alikuja ukumbini. Picha ya Kiongozi tulikuwa tumekwisha kuipandisha mpaka darini. Nami nilikuwa nimepanda mapipa mpaka kwenye kile kiti, kuona tu mji unavyoonekana kutoka kule. Aliniuliza ngazi aipeleke wapi.

Nilimwambia aiegemeze hapo hapo, na yeye mwenyewe asiende mbali.