Kadi Ndefu na Harusi ya Ibtisam

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Kadi imefika kutoka Dar! Ndiyo inayoipa kompyuta nguvu ya kuchora picha. Feni mbili, urefu wa kiganja mpaka kiwiko. Ya Marsiana, mpinzani wangu wa kuhariri video hapa Ipuli, ni kama kipande cha sabuni. Maskini.

Bi Fakhria ametupa sisi wawili picha za video za sherehe ya wanawake ya bintiye Ibtisam, tushindane kuzihariri. Jumamosi atachagua. Mshindi atapewa harusi zote za ukoo, na ukoo ule hauchoki kuozesha. Sharti: mwanamume asizione picha hizo, wala asiiguse kompyuta yenye picha hizo.

Jumanne, 7 Oktoba
Kadi imegoma kuingia. Feni ya mbele ya kasha la kompyuta ilikuwa inaizuia. Nimeing'oa. Sasa kadi imebana mbele na nyuma, hata mende hapiti. Safi!

Fundi Hilali kasema kwenye simu kwamba feni ile ndiyo inayoingiza hewa baridi. Bila hiyo, joto la kadi litazunguka mle mle. Akaomba aje. Nikamkumbusha sharti. Akaapa hataangalia skrini. Ndivyo wanavyosema wote.

Nimefunga madirisha na mapazia. Heshima za watu.

Jumatano, 8 Oktoba
Kompyuta imezimika nikihariri pale bibi harusi anapoingia ukumbini. Kasha la moto, ningeweza kupigia pasi kanga. Nikafungua ubavu wake. Vumbi lote la Ipuli likaingia. Mama akasikitika, akaleta kitambaa alichokifuma, kama kile cha televisheni, akalifunika kasha lote. Limependeza mno.

Imezimika tena.

Alhamisi, 9 Oktoba
Marsiana kaja kuazima sukari. Uongo mtupu; macho yote kwenye kasha. Akafunua kitambaa, akacheka mpaka akashika ukuta. Eti dada Sikuzani, umemlaza tembo kabatini halafu unashangaa hapumui? Kazi yake mwenyewe, kasema, inakwenda polepole.

Hapo nikapata wazo. Nikamwambia tubadilishane kadi, kwa upendo tu. Aungue yeye! Amekubali upesi. Sikuupenda ule upesi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimekwenda kuchungulia. Kumbe kasha la Marsiana ni pana kama sanduku la mahari, mbele matundu matupu, feni zinapuliza. Kadi yangu imejinyoosha mle kama mgeni wa heshima. Video yake imekamilika kabla chai yangu haijapoa.

Kwangu, ile kadi yake ya kipande cha sabuni imeacha nafasi, hivyo nimerudisha feni ya mbele. Kompyuta haijazimika. Ila muda umekwisha.

Jumamosi, 11 Oktoba
Nikatoa shikamoo. Bi Fakhria akaitikia marahaba mwanangu, akaangalia zote mbili. Akasema yangu ina rangi nzuri, lakini inakwisha bibi harusi hajakaa. Harusi za ukoo zimekwenda kwa Marsiana. Akanipa halua nikampelekee mama.

Jumapili, 12 Oktoba
Kompyuta iko kimya, baridi, inafanya kazi. Nimeitazama asubuhi nzima. Inatia aibu.

Nasikia kuna familia huko Nzega inaozesha mwezi ujao. Nimekaa, nimechambua kosa hatua kwa hatua, nimelipata: feni mbili hazikutosha. Nimeagiza kadi yenye feni tatu. Ni ndefu kuliko kasha. Si neno. Jirani ameniahidi msumeno.